Mrija wa Sadoki

Nitegee sikio, mjukuu wangu, ufumbue hiki: mama hana maziwa, watoto wake wana ndevu, na wote wananyonya kwa pamoja. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni chungu cha pombe ya ulezi, wanaume wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake wa tete.

Mrija wa babu yako Sadoki ulichomekwa darini kwetu, mweusi kwa moshi. Pombe aliiacha zamani za Mwingereza, baada ya kuanguka njiani amelewa, mama yako Jenista akiwa begani. Mkono wa mtoto ukaunga kombo, umeuona mwenyewe.

Hapa Isansa shamba lililimwa kwa pombe. Unapika, majirani wanakuja na majembe, kazi ikiisha wanakaa chunguni. Asiyepika hajiwi na mtu, na asiyekunywa haitwi. Miaka mitano tulilima wawili. Watu walitusalimia kwa mbali, kama nyumba yenye ndui.

Kanisani walikuwapo wengine watatu walioacha, watu wa vijiji vya mbali. Kila Jumamosi mchana, saa ya vyungu kufunguliwa, walikutana naye wakaomba na kuzungumza. Mkubwa wao alikuwa Tabita, mjane aliyewahi kunywa kuwashinda wanaume, na alilisema hilo akicheka. Kila aliyejiunga, Tabita alimwuliza mrija wake uko wapi. Wale wengine waliichoma moto mirija yao mbele yake. Sadoki hakuuleta wake. Tabita hakumkazania; Jumamosi iliyofuata aliuliza tena.

Mwaka wa sita mvua iliwahi, nami nilikuwa mja mzito, jembe silishiki. Jumamosi moja Damiano, jirani wa ng'ambo ya kijito, aliita watu kulima. Tangu asubuhi tulisikia nyimbo zao. Sadoki alilima peke yake hadi adhuhuri, akaingia ndani, akauchomoa mrija, akaupangusa, akautumbukiza katika mkono wa koti. Nilimwuliza kama atarudi kula. Akasema hajui.

Nilikaa mlangoni na Jenista, nikisikiliza nyimbo. Zilipokoma, nikajua wamekaa chunguni.

Kumbe kule kanisani wameona hakufika. Wakaja watatu, majembe begani, maana hali ya shamba letu waliijua, na kibuyu cha togwa ya asubuhi hiyo hiyo, kwani togwa ikilala siku mbili huwa pombe. Niliwaambia ametoka. Wakaanza kulima.

Jua limeinama, Sadoki akatokea kwa njia ya kwa Damiano. Akavua koti, akalilaza taratibu majanini, akashika jembe.

Walipopumzika alikaa kando, peke yake. Tabita akamjazia kata ya togwa, akampelekea.

"Sadoki mwanangu, mrija wako uko wapi?"

Alinitazama mimi kwanza, kisha Jenista.

"Uko ndani ya koti, mama," akasema. "Leo nimefika nao mpaka mlangoni kwa Damiano."