Namba Moja, Matawi Mawili

Colleen Hudak hakupenda kuulizwa maswali kuhusu kazi yake, hasa maswali ya maana. Ndiyo maana swali la Raghavendra lilimkera.

Kampuni yao ya Pittsburgh, Marekani, ilikuwa imeinunua nyingine ya Denver, na Colleen akapewa kazi ya kuandika programu ya kumtafuta mfanyakazi yeyote kwa namba yake. Ndani ya kompyuta wafanyakazi walipangwa kama mti: mkurugenzi juu kabisa, chini yake tawi la Pittsburgh na tawi la Denver, kila moja na vijitawi vyake hadi mtu wa mwisho. Programu ilishuka tawi la kwanza mpaka chini; ikikosa, inapanda na kuingia la pili. Ikiiona namba, inasimama hapo hapo.

Kwao hakuna kazi iliyopokelewa kabla mwenzako hajaisoma. Aliyeisoma hii ni huyo Raghavendra, au Raghu kama alivyozoea kumwita, jirani yake wa meza kwa miaka mingi.

"Na namba ikiwa iko kwenye matawi yote mawili?" Raghu aliuliza. "Hawa wa Denver wamekuja na namba zao."

"Idara ya utumishi wamesema watawabadilishia. Namba ni ya mtu mmoja, Raghu. Ukishampata, unaendelea kutafuta nini, mke?"

"Mke ninaye. Nakuuliza wewe."

"Unanichelewesha tu bwana. Pitisha."

Raghu akacheka, akapitisha. Hakupenda ugomvi, na Colleen aliutumia upole huo kila alipokuwa na haraka.

Baridi ilipokolea, wakubwa wakaamua kupunguza watu. Orodha iliandikwa kwa namba tupu, bila majina, eti kusiwe na upendeleo. Programu ya Colleen ikawatafuta wenye namba hizo, ikawafungia kompyuta na kadi zao za mlangoni na kuwatumia barua za kuachishwa kazi. Hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake usoni, na wakubwa waliuita huo ustaarabu.

Asubuhi hiyo kadi ya Raghu iligoma mlangoni. Colleen alimwona kupitia kioo, amesimama kwenye theluji na mkebe wake wa wali wa ndimu, akiijaribu kadi tena na tena.

Colleen akakimbilia kompyuta. Aliiandika namba ya Raghu, akaiambia programu isisimame ikimpata mtu, iendelee hadi mwisho wa mti. Ikarudi na watu wawili: Raghu, na meneja mmoja wa mauzo wa Denver ambaye idara yake yote ilikuwa imefutwa. Utumishi hawakumbadilishia mtu namba. Aliyetakiwa kuondoka alikuwa bado anakula mshahara. 

Na Raghu alikuwa Marekani kwa viza ya kazi. Kazi ikienda, ana miezi miwili ya kupata nyingine au kufungasha, na binti yake yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Colleen akapanda kwa bosi wake, Prescott Lyle.

"Tumemfukuza asiyehusika," alisema.

Prescott alisikiliza yote bila kupepesa macho. "Nikimrudisha huyu, kila aliyefukuzwa atadai naye kaonewa. Wanasheria hawatakubali."

"Lakini ni kosa letu."

"Kosa la nani, Colleen? Mwandishi wa programu ni wewe. Aliyepitisha ni yeye mwenyewe. Unataka tulifungue hilo?"

Hakulitaka. Alishuka ngazi akijichukia, akarekebisha programu kimya kimya.

Jioni alikwenda kwa Raghu, akamweleza ukweli wote. Raghu alisikiliza huku mkewe, Sharada, akiwawekea chai.

"Niandikie hayo, uweke sahihi," Raghu alisema. "Wakili kaniambia nikiwa na ushahidi wa ndani, wanaweza kunirudisha kabla miezi haijaisha."

Colleen akaitazama chai. "Watanifukuza na mimi."

"Watakufukuza, ndiyo. Utatafuta kazi nyingine, ukiwa kwako, kwenye kitanda chako. Mimi nitatafutia wapi?"

"Nipe muda nifikirie."

"Muda ndio sina, Colleen."

Sharada aliondoa kikombe cha mgeni, kikiwa bado kimejaa, akakimwaga kwenye sinki.

Colleen alifikiria. Alifikiria wiki ile na iliyofuata, akaianza barua mara kadhaa na kuifuta, akawa hapokei simu za Raghu kwa sababu bado anafikiria. Mwisho simu zikakoma. Siku familia ile iliporuka kurudi kwao Bengaluru, India, binti akiwa hajamaliza shule, Prescott alimpandisha Colleen cheo mbele ya watu wote, akamsifu kwa utulivu wake. Wenzake wakapiga makofi, naye akasimama akawashukuru.