Beji Iliyobaki Nyumbani

Mama Usalama, msimamizi wa usalama kiwandani, aliiweka karatasi mezani, akaigeuza ili Fundi Picha aisome mwenyewe, kisha akausukuma mlango wa ofisi kwa mguu ukajifunga. Mama huyo hakuwa na kawaida ya kufunga mlango. Hata alipowakaripia wanaume wazima kwa kusahau kofia, aliwakaripia mlango ukiwa wazi, kiwanda kizima kisikie na kijifunze.

"Mstari wa nne," alisema. "Huo ni wako."

Mistari mitatu ya juu ilikuwa ya wenzake, namba ndogondogo za kila mwezi. Fundi Picha aliusoma wa nne, akaurudia kwa kidole.

"Hiyo ni mionzi ya mwaka mzima na ziada, baba. Wewe umeila kwa mwezi mmoja. Ulifanyaje? Ulilala na ile mashine?"

Ile mashine ndiyo iliyompa jina. Kiwanda kilitengeneza matangi ya gesi, na kila mshono wa kulehemu ulipigwa picha ndani kwa ndani, kama mfupa uliovunjika unavyopigwa hospitali. Katika tumbo la mashine kilikaa kidonge cha chuma kinachotoa mionzi, kisichozidi punje ya mahindi. Hakitoi moshi, hakinuki, ukikipita karibu husikii hata joto. Kinachojua umekipita ni beji tu, kipande cha plastiki cha kubana kifuani, ambacho kila mwisho wa mwezi hupelekwa maabara kusomwa.

"Labda maabara wamekosea."

"Nimewapigia. Wamesoma mara mbili. Kuanzia leo mashine huigusi, utakaa stoo, na kesho damu yako inapimwa. Na ushukuru beji ilikuwepo ikasema."

Ilikuwepo wapi? Beji haikuwepo kazini.

Mafundi wa picha walikuwa na mchezo wao, na walioujua ni wao wanne tu. Namba za mwaka zikikaribia kikomo, fundi huondolewa kwenye mashine akakabidhiwa ufagio mpaka mwaka ugeuke. Fundi gani mwenye jina lake atakubali kuhesabu misumari stoo, huku mwingine akiisoma mishono yake? Basi beji ikianza kupata "homa", hupewa likizo: inabaki nyumbani, fundi anaingia kazini kifua kitupu. Fundi Picha, aliyejigamba kwamba hajazaliwa ufa wa kumpita, alikuwa ameipa yake likizo mwezi mzima. Ilitundikwa kwenye msumari juu ya kitanda cha binti yake wa miaka sita, mpaka siku ya kukusanywa. Binti huyo, waliyemwita Kasuku kwa domo lake lisilopumzika, ndiye aliyeiomba. Aliiita nishani ya baba.

Nje, Kipara alikuwa akimsubiri, mkongwe wa mafundi hao wanne.

"Nimesikia dirishani. Sema ulisogea karibu siku ile kebo ilipokwama. Miezi mitatu ya stoo, unarudi. Ukisema ilikuwa nyumbani, cheti chako kwaheri, na sisi watatu tunakufuata. Funga bakuli lako."

"Kipara, beji ilikuwa nyumbani."

"Si ndiyo nakwambia usiseme!"

"Ilikuwa nyumbani, na namba ni ile."

"Basi mionzi iko nyumbani kwako," Kipara alisema polepole.

Fundi Picha alichukua kipimo cha mionzi kabatini bila kuandika daftarini, akatoka. Kutoka kiwandani mpaka kwake ni dakika kumi na tano. Siku hiyo aliona kila dakika. Alijiuliza kama ni yeye aliyebeba kitu, kwenye viatu, kwenye mfuko wa suruali, akakumbuka kwamba kidonge kilikuwa mahali pake asubuhi ileile. Si kidonge. Basi nini? Alianza kukimbia, mtu mzima na kofia ya kazi kichwani.

"Baba Kasuku, saa hizi?" mkewe alisema, nguo mbichi mkononi. "Wamekufukuza?"

Alikiwasha kipimo. Getini kipimo kililia kidogokidogo. Mlangoni kikaharakisha. Chumbani kwa mtoto kililia kama mvua juu ya bati.

Kasuku alikuwa amelala kifudifudi kitandani, akichora. "Baba, hicho kinaongea na nani?"

Alimnyakua, kalamu na yote, akatoka naye mbio. Akamwachia mama yake, kisha akazunguka nyuma ya nyumba.

Nyuma ya ukuta uleule palikuwa na banda la kaka wa mkewe. Walimwita Sumaku, kwa kuwa hakuna chuma chakavu alichokiona akakiacha. Kati ya fremu za baiskeli na giaboksi kuukuu, kimeegemea ukuta, kilisimama chombo kama ndoo nzito, kimepakwa rangi mpya ya kijani. Kipimo kilipiga kelele moja isiyokatika. Fundi Picha alirudi kinyumenyume. Aina ile aliijua: hufungwa kwenye mapipa makubwa ya saruji kupimia ujazo kwa mionzi bila kufungua. Kifuniko chake kilikuwa kimeng'olewa.

"Shemeji, taratibu, rangi haijakauka vizuri!" Sumaku alikuwa anaingia. "Hicho kina madini ya risasi tupu!"

"Usisogee! Umekileta lini?"

"Aa... mwezi na wiki. Kwani vipi?"

"Kilikuwa na alama ya njano? Mapanga matatu?"

"Ile? Nikajua ni nembo ya kiwanda cha feni."

Aliwafukuza wote mpaka barabarani, mbali, kwenye nguzo ya umeme, akampigia Mama Usalama. Alichagua maneno. Shemeji kaokota chombo, kiko nyuma ya nyumba, njooni na gari lenye sanduku la risasi la kuzuia mionzi. Hakusema zaidi. Kwa sekunde chache alipumua: chombo kitaondoka, cheti kitabaki.

"Nakuja," Mama Usalama alisema. "Nani analala upande huo?"

"Binti yangu."

Kalamu ilisikika ikikwaruza karatasi. "Madaktari watataka kujua amepata kiasi gani. Hapo ndipo pagumu. Chumbani hakukuwa na kipimo. Watabahatisha tu, na dawa ya kubahatisha kwa mtoto..."

Kasuku alikuwa mgongoni kwa mama yake, akimwuliza mjomba wake maswali matatu kwa mpigo. Sumaku alikuwa akisugua rangi ya kijani vidoleni mwake.

"Kipimo kilikuwepo," Fundi Picha alisema.

"Kipi?"

"Beji yangu. Haikuja kazini mwezi mzima. Namba uliyonisomesha si yangu."

Alisubiri matusi. Yalikuja maswali.

"Ilikuwa wapi hasa?" Sauti ilikuwa ya kazi sasa, kavu. "Umbali gani na kichwa cha mtoto? Saa ngapi analala, saa ngapi anaamka? Usinidanganye hata kidogo."

"Shibiri mbili juu ya mto. Analala saa mbili. Anaamka kumi na mbili."

Mkewe alikuwa amesogea bila yeye kujua. Alimshusha mtoto mgongoni, akambeba ubavuni, upande wa mbali na mumewe.

"Rudia," alisema. "Rudia, nami nisikie."