Kopo la Nyuma Ndani ya Friza

Bibi aliyekuja kumlea mjukuu hakuwa mtu wa kuelekezwa jikoni. Maziwa yakiisha, leo alitia tui, kesho maji ya mchele, na keki iliumuka vilevile. Kwa hiyo siku mkwe wake aliporudi kazini baada ya likizo ya uzazi na kuanza kumweleza habari za friza, yeye alikuna nazi huku akiitikia "ndiyo, ndiyo", bila kushika hata neno. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kilichomkera zaidi ni ile pampu ya kukamulia maziwa. Kila jioni mkwe alijifungia nayo chumbani, ikakoroma weee, na akitoka ana chupa isiyofika hata nusu. Bibi alivuka ua akamnong'oneza jirani yake mshonaji kwamba mwanawe kaoa titi kavu. Mshonaji naye mdomo wake hauna kifuniko. Maneno yakazunguka mtaa mzima mpaka yakamfikia mkwe mwenyewe. Mkwe hakumuuliza mtu. Alizidi tu kukamua, maana kulikuwa na safari ya kazi mbele yake, na mtoto akionjeshwa maziwa ya unga huyatema yote.

Jioni ya kuamkia safari hiyo, mshonaji alikaribishwa chai. Bibi alitaka kumwonyesha keki ni nini, lakini maziwa hayakuwapo, nazi hakuna, na maji ya mchele si ya kumpikia mgeni. Akapekua friza. Nyuma ya samaki akakuta kopo kubwa limejaa maziwa yaliyoganda.

Kumbe ananificha maziwa, akawaza, na roho ikamuuma. Akayayeyusha yote. Alipoonja kwa kijiko yalikuwa mepesi na matamu, akadhani yametiwa sukari, akapunguza ya kwenye unga. Yaliyobaki akayamimina kwenye chai, kopo akaliosha na kulifudikiza kando ya sinki.

Keki ilitoka laini ajabu. Mshonaji alikuwa kwenye kipande cha pili, akiuliza maziwa haya yananunuliwa wapi, mkwe alipoingia kutoka kazini na kwenda moja kwa moja kwenye friza. Akasogeza samaki. Akasogeza tena, polepole.

"Mama, maziwa ya mtoto yako wapi?"

Bibi aliitazama keki, kisha lile kopo. Sasa yale maneno ya siku ile ya nazi yakamrudia, neno kwa neno: kopo la nyuma usiliguse, mama, ni akiba ya mtoto nikisafiri. Uongo ulishafika kwenye ncha ya ulimi, kwamba umeme ulikatika yakaharibika, na nani angebisha? Lakini mkwe alikuwa amesimama pale na mkoba bado begani, ameshika mlango wa friza, na machozi yanamshuka bila sauti. Bibi aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

"Nimeyapikia keki, mwanangu. Na chai."

Mshonaji akaacha kutafuna. Akakitazama kikombe chake, akamtazama bibi, akingoja aambiwe ni mzaha. Bibi alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini alikuwa na deni la neno moja, na aliyepaswa kulisikia alikuwa mbele yake.

"Yale niliyokuambia hana," alimwambia mshonaji, "ndiyo hayo unayokula."

Mkwe alifuta uso kwa kiganja. Hakumtukana, na bibi aliona afadhali angetukanwa. Alifunga friza, akaweka mkoba chini, akasema kwa sauti iliyochoka, "Nichemshie chupa, mama. Inabidi nianze upya usiku huu, nione nitapata kiasi gani."

Bibi akainuka upesi. Akauliza ni chupa zipi, zichemke kwa muda gani, na zikishapoa ziwekwe wapi. Kila alichojibiwa alikirudia kwa sauti, mbele ya mshonaji, asipoteze hata neno.