Bokoboko kwenye Silinda Nane

Mazoon alipoamua kukitia kigari cha marehemu babu yake injini ya silinda nane, hakutaka ushauri wa mtu, kwani ushauri huombwa na wasiojua. Yeye alikuwa na diploma ya ufundi wa mitambo, alikuwa na mashine ya kuchomelea, na alikuwa na mdomo. Kati ya hivyo vitatu, kilichofanya kazi kubwa zaidi, alikuja kukiri mwenyewe, kilikuwa hicho cha tatu.

Kigari chenyewe kilikuwa cha Kiitaliano, cha milango miwili, kidogo kiasi kwamba ukisimama karibu nacho ulihisi bado kiko mbali. Babu alikinunua kikuukuu mwaka aliorudi Muscat kutoka Unguja, akamzungusha nacho mkewe mji mzima, ambao siku hizo haukuwa na mengi ya kuzunguka. Injini ikafa, babu naye akafuata kwa wakati wake, na bodi likabaki nyuma ya nyumba yao ya Madinat Sultan Qaboos, paka wakizaliwa ndani yake kizazi baada ya kizazi.

Ami Sleiman alikuwa na hamu ya siku nyingi ya kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lakini mwenye mali alikuwa Bibi Mastura, na Bibi Mastura alimwita mjukuu wake akampa sharti.

"Nnakupa. Lakini safari ya mwanzo yangu mie, nikae pale pale nilipokuwa nikikaa. Nikishuka nikiona ndiyo gari ya mume wangu, basi yako. Nikiona siyo, ami yako na aje na winchi yake."

Mazoon alikubali hata Bibi hajamaliza. Aliona ni sawa na samaki kuambiwa atafanyiwa mtihani wa kuogelea.

Akaanza kazi Desemba, miezi ile ambayo watu wa Muscat hutoka na mikeka na mabirika na jua nalo huwa na adabu zake. Alichomelea fremu mpya ya chuma. Nyuma alitia matairi mapana kama mito ya sebuleni. Injini aliitoa kwenye pikapu la Kimarekani lililogongana na ngamia likashindwa. Ilipokataa kuenea mbele aliirudisha nyuma, akairudisha tena, mpaka nusu yake ikawa imeingia ndani, baina ya magoti ya dereva na ya abiria, kama mgeni asiyejua pa kukaa. Akaifunika kwa bati moja tu, akalipaka rangi nyekundu.

Kaka yake, Khattab, alipita akauliza joto la dude hilo litakwenda wapi. Mazoon alimjibu kwamba maswali ya namna hiyo ndiyo yanayowafanya watu wengine waishie kuendesha magari ya dukani. Jioni ile ya Februari miguu ilikuwa inapata vuguvugu la raha. Akajirekodi video akisema joto ni fikra tu, na kwamba AC, ambayo haikupata nafasi, ni starehe ya watu wa maofisini. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ofisini, pale Qurum, na AC ya chumba chake haikupata kupanda juu ya kumi na nane.

Karatasi za kuruhusiwa barabarani zilitoka Juni.

Juni hiyo hiyo mdogo wake Bibi, Bi Hajar wa Sidab, akapata mjukuu, na akika ikaangukia Ijumaa. Dada mkubwa hendi akika mikono mitupu. Bibi Mastura alikesha na bokoboko lake, ngano na nyama zikapondwa mpaka zikasahau ipi ilikuwa ipi. Chakula hicho huliwa cha moto. Kikipoa hugeuka udongo wa kufinyangia. Khattab akajitolea kulibeba sufuria katika gari lake kubwa, akaambiwa AC yake itaua chakula. Bibi angelibeba mwenyewe, katika safari yake ya mwanzo.

Waliondoka saa tatu asubuhi, Khattab na Ami Sleiman wakiwafuata kwa nyuma. Bibi aliingia kwa kujikunja, akakaa, akapapasa dirisha kwa kidole, akatabasamu. Sufuria akalitua juu ya lile bati jekundu, lililokuwa limekaa kama meza.

Walipofika Wadi Kabir, soli ya kiatu cha Mazoon ilikuwa imeanza kushikana na pedali. Jasho lilimtoka hata kwenye kope. Bibi baibui amelikunja mpaka magotini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hadharani tangu kuolewa. Mazoon alijua kwamba akinyamaza dakika kumi nyingine watakuwa Sidab, na kigari huenda kikawa chake. Alijua pia kwamba bibi yake ana miaka sabini na minane, na kwamba uso ule haukuwa na rangi ile asubuhi.

Mbele ya kilima cha kuteremkia Sidab akaegesha pembeni.

"Bibi, nimekosea," alisema. "Nilipima kila kitu, lakini nilipima Februari. Panda kwa Khattab. Safari imeharibika, na kosa ni langu."

Katika maisha yake ya ufundi hayo yalikuwa maneno mageni, na yalimchoma kuliko bati.

"Babu yako kazimikiwa na gari hii mara arubaini," alisema Bibi, "na mara zote arubaini kosa lilikuwa la barabara."

Akashuka. Alipotaka kulichukua sufuria, akafunua kwanza kifuniko kuangalia. Bokoboko lilikuwa linatokota, polepole, katikati na pembeni sawasawa, kama lililo juu ya makaa ya mtu anayejua kazi. Bibi akakirudisha kifuniko. Akalihamishia sufuria kwenye kiti chake, akalifunga mkanda, akafikiri, akalirudisha juu ya bati.

"Hili libaki," akasema. "Na usikimbie."

Sidab walifika wamechelewa karibu saa nzima, na wanawake walipopakua mvuke ulipanda mpaka Bi Hajar akauliza kama dada yake amepika njiani. Ami Sleiman alisubiri watu wanawe mikono, ndipo akauliza, simu ya mwenye winchi ikiwa tayari kiganjani: hii ndiyo gari ya marehemu au siyo?

"Siyo," alisema Bibi Mastura. Mazoon akatazama mkeka. "Ile ilikuwa kila kitu kinafika kimepoa, na mie nikiwemo. Muache mtoto na gari yake. Ijumaa ijayo nna pilau ya kupeleka Qurum."

Tangu hapo Mazoon hutembea Ijumaa akiwa na farasi mia tatu chini ya bati na masufuria mawili juu yake, miguu ndani ya soksi za wazimamoto, kwa mwendo wa thelathini. Nyuma yake, ndani ya AC ya Khattab, Bibi humpigia simu kila tuta.

"Taratibu, fundi. Mchuzi huo."