Bonge la Kinamo

Bonge la udongo lilikuwa mapajani mwa Mwanapili, limefungwa kwa jani la mgomba, na jani lenyewe lilikwisha kusinyaa. Hii ilikuwa siku ya tatu anakaa kwenye ubao ule ule, ukumbini mwa ofisi ya Bwana Shamba, nyuma ya Forodhani. Siku ya kwanza udongo ulikuwa ukichuruzika maji, na karani Mmanga, kijana wa kanzu iliyopigwa pasi ikapigika, alimwamuru autoe nje usichafue sakafu. Akautoa, akauweka kwenye ngazi, juani. Saa nane akaambiwa Bwana yuko Pemba. Siku ya pili akaambiwa Bwana amesharudi, lakini amechoka na safari.

Mwanapili alikuwa amefikia Ng'ambo, kwa mpwa wake Mwanamkasi, chumba kimoja watu sita. Mwanamkasi aliliona bonge linavyokauka akamshauri alinyunyizie maji kidogo. Mwanapili akakataa. Ukishatiwa maji ya mfereji, alisema, si udongo wa bondeni tena, na yeye hakuja mjini kusema uongo.

Alichokijia kilikuwa kidogo. Bonde la Mwanduza, alikolima mpunga tangu hajavunja ungo, lilikuwa limepewa trekta. Siku ya kutangazwa habari hiyo wanawake walishangilia, na kwa nini wasishangilie, wakati migongo yao yote ilikuwa imepinda kwa jembe? Kificho, sheha wa mtaa wao, aliwaambia majembe yao sasa wayatundike ukutani yawe pambo. Wakayarundika chini, wakapigwa picha nayo.

Kisha trekta likaja. Magurudumu yake ya nyuma yalimfika Mwanapili masikioni. Alilizunguka mara moja, akatazama bondeni, akajua.

Udongo wa Mwanduza ni kinamo. Wakati wa kaskazi hukauka ukapasuka nyufa za kuingia mkono, na mtu akiupiga teke huumia yeye. Masika ikianza unakuwa uji. Bwana Shamba alifika wakati wa kaskazi. Alishuka garini, akaupiga kwa kisigino cha kiatu, akaandika kitabuni mwake, akapanda gari. Wanawake waliokuwa wamesimama pale, ambao kwa nyayo zao tu walijua ni wapi pa kupanda na wapi pa kupita, hakuna aliyewauliza hata jina. Lilikuwapo na trekta dogo, jepesi, ambalo bonde lingelibeba, lakini hilo lilipelekwa kwa tajiri mmoja mwenye shamba la ardhi nyekundu, ambako hata hilo kubwa lingekwenda bila ya taabu.

Na ubaya haukuishia hapo. Trekta kubwa haliwezi kugeuka ndani ya kijaruba cha mpunga cha hatua ishirini. Basi badala ya kubadilishwa trekta, likabadilishwa bonde. Kificho alitangaza kwamba kuta ndogo za udongo baina ya vijaruba zitasawazishwa, Mwanduza liwe shamba moja, na baadaye yeye mwenyewe atagawa upya. Mwanapili alikuwa na vijaruba vitatu alivyoachiwa na mama yake. Hati hakuwa nayo. Hati yake ilikuwa kuta zile, alizozikandika kwa mikono yake kila mwaka. Zikiondoka, atakuwa mjane mmoja katika wajane wengi wanaomwomba Kificho mahali pa kulima, na kila mtu alijua Kificho huwapa akina nani.

Saa sita ikapita ndipo Mmanga alipomwita.

"Naam," akaitikia, akainuka na magoti yake yanayouma.

Ndani alimkuta Bwana Shamba mezani, na pembeni yake, kwenye kiti chenye mto, Sheha Kificho anakunywa chai. Bwana Shamba alimkaribisha kwa tabasamu. Hakuwa mtu wa ukali, na kwa hiyo hakukuwa na wa kumkasirikia.

"Sema haja yako bibi, na ufupishe," Mmanga alisema.

"Mwambie Bwana, trekta lile litazama. Kinamo cha masika hakibebi. Mie mwenyewe nikikanyaga nnaingia mpaka hapa." Akaonesha katikati ya muundi wa mguu. "Tunaomba lile dogo, na vijaruba vyetu viachwe. Nshamletea udongo wenyewe auone kwa macho yake."

Akafungua jani. Alipolishika bonge alijua kabla hajalitazama. Akabonyeza kwa kidole gumba. Kidole hakikuacha alama.

Bwana Shamba alilipokea, akalipima uzito mkononi, akaligonga mezani mara mbili. Ko, ko. Akacheka kidogo, akasema maneno kwa Kiingereza.

"Bwana anakushukuru," Mmanga alisema. "Anasema huu ndio udongo aliouona mwenyewe, na ndiyo sababu akachagua trekta kubwa. Dogo lingevunjika."

"Umekauka hapa hapa kwenu, mwanangu. Umeniweka siku tatu."

Mmanga akamtazama, kisha akamtazama Bwana. Tafsiri aliyoitoa ilikuwa fupi mno, na Mwanapili, asiyejua Kiingereza hata neno, alijua kwamba siku tatu zake hazimo ndani yake.

Kificho akaweka kikombe chini. "Bi Mwanapili, umeshasikilizwa. Sasa unataka nini tena?"

Mwanapili akalikunja jani lake tupu. Alipotoka, upepo wa dirishani ulikuwa ukipeperusha karatasi za Bwana Shamba, na Bwana akaliweka lile bonge juu yake zisiruke.

Mvua ilimpokea Mwanapili njiani. Alipofika ukingoni mwa Mwanduza hakupatambua. Kuta zote zilikuwa zimekwisha. Palibaki tope moja la rangi ya majivu, limechorwa njia mbili pana za magurudumu zilizojaa maji, na mwisho wa njia hizo, katikati ya bonde, trekta lilikuwa limezama mpaka tumboni. Dereva Silima alikuwa ameketi juu yake amejifunika gunia. Alikuwa hapo tangu jana, kwani ameambiwa akiliacha kazi hana.

Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wamelizunguka na majembe. Kificho, aliyetangulia kurudi kwa gari la ofisi, alisimama ukingoni chini ya mwavuli na daftari mkononi. Neno lilikwisha kupita nyumba kwa nyumba: asiyekuja kulifukua trekta hatakuwamo katika mgao.

Mwanapili alikwenda nyumbani akalitungua jembe lake ukutani. Akarudi. Kificho akaandika jina lake.

Akaingia topeni, na tope likamfika katikati ya muundi, kisha gotini. Alitembea polepole akipapasa kwa nyayo, akitafuta mguu mgumu wa ukuta wake wa zamani, ambao miaka yote aliujua hata kwa kufumba macho. Akaenda kushoto, akarudi kulia. Kote kulikuwa laini.

Jirani yake Time alikuwa karibu, anachota tope chini ya gurudumu na tope linarudi.

"Time, hapa ni kwangu au kwako?"

"Mie sijui, Bi Mwanapili." Time hakuinua uso. "Chimba. Anatutazama."

Akachimba. Udongo ulilishika jembe, laini, mzito, unachuruzika maji kama ule alioufunga katika jani la mgomba. Kila shimo walilolitoa lilijaa kabla hawajainua jembe la pili, na kila walipopumzika trekta lilishuka kidogo upande mmoja, upande ambao labda ulikuwa wake.