Nywele za Dell Whitcomb

Leota Brandvold alikwisha kumwondoa Gedeon Palfi kwenye filamu mara moja, na alikuwa ameapa kwamba hatamwondoa mara ya pili.

Mara ile ya kwanza ilikuwa mwaka 1928. Leota alikuwa binti wa miaka ishirini na mitano, mkulima wa ngano kwa kuzaliwa, mhariri wa filamu kwa kuajiriwa. Siku hizo kazi ya uhariri Hollywood waliachiwa wanawake, kwa kuwa wakubwa waliiona kama ushonaji tu: unakata mkanda, unaunganisha, unakata tena. Sauti ilikuwa ndiyo kwanza imeingia kwenye filamu. Gedeon alikuwa mwigizaji mashuhuri wa picha bubu, Mhungari ambaye akitazama mlango tu watu walilia, lakini alipofungua kinywa, Kiingereza chake kilichechemea. Amri ikashuka kutoka juu: mtoeni. Leota alikaa na mkasi wake siku sita. Picha ilipotoka, Gedeon hakuwemo hata kivuli chake. Leota alipongezwa na kupandishwa cheo. Gedeon alihamia Glendale, akafungua duka la kunyolea nywele.

Miaka ikaenda. Leota alitoka kwenye chumba cha kuhariri, akaanza kuongoza filamu ndogondogo za farasi na bastola ambazo hakuna mwanamume mwenye jina aliyezitaka. Waliomcheka aliwaacha wacheke, naye akamaliza kila picha siku mbili kabla ya ratiba. Mkasi wake wa zamani aliuning'iniza shingoni kwa uzi mweusi, na wafanyakazi wakampa jina la Bi Mkasi. Mwaka 1951, akiwa na miaka arobaini na minane, studio ilimruhusu kwa mara ya kwanza kutayarisha na kuongoza hadithi aliyoichagua mwenyewe: habari ya mkulima mmoja wa Nebraska na mwanawe wa pekee anayeaga nyumbani.

Mtu wa kumcheza baba wa hadithi ile, Leota alikwenda kumtafuta Glendale. Gedeon alikuwa na miaka sabini sasa. Kiharusi kilikuwa kimempitia miaka miwili nyuma, kikamlaza upande wa kushoto wa uso na kuuacha mkono wake wa kushoto mzito. Alikuwa anamnyoa mtoto wa shule, akimwinamisha kichwa kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayegeuza ukurasa. Leota alisubiri mpaka mtoto akashuka kitini, kisha akasema alichokuja kusema, pamoja na lile la mwaka 1928, ambalo lilikuwa limemkaa rohoni miaka ishirini na mitatu.

Mzee alikung'uta kitambaa chake. Alisema alijua siku nyingi kwamba aliyemwondoa ni yeye.

"Niliitazama ile picha mara mbili," alisema. "Nilitafuta mahali uliponichomoa. Sikupaona. Ulifanya kazi nzuri, binti."

Leota angependa kutukanwa kuliko kusifiwa vile.

Basi wakaanza kupiga picha kule Chatsworth, kwenye shamba la studio lililo katikati ya majabali, ambako bibi huyu alikuwa amepandisha ngano ya kweli. Wiki tatu zilikwenda vizuri. Royce Tunstall, mkuu wa studio, alikuwa New York muda wote huo. Aliporudi akatazama vipande vilivyopigwa, na Jumanne asubuhi akamwita Leota ofisini.

Tunstall hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alimkaribisha kahawa, akamsifia ngano, akamsifia Dell Whitcomb, kijana aliyecheza mwana. Dell alikuwa na nywele nyeusi zilizolala kama bawa la kunguru, na wasichana wa nchi nzima walikuwa wakimwandikia barua kwa ajili ya nywele hizo. Halafu Tunstall akaingia kwenye neno lenyewe.

"Leota, dada yangu, uso wa yule mzee umelala upande mmoja. Watu wanakuja sinema kusahau hospitali. Wewe unawapeleka wodini."

Leota alijibu kwamba ndiyo sababu hasa ya kumchukua. Baba katika hadithi hana maneno ya kumwambia mwanawe, na uso ule umekwisha kuyasema. Tunstall alitikisa kichwa kwa huruma, kama daktari. Alikwisha kupanga kila kitu. Hadi hapo mzee alikuwa ameonekana zaidi kwa mbali, shambani, mgongo kwa kamera. Onyesho kubwa la kuagana jikoni ndilo lilikuwa bado. Baba afe mapema, aache barua, na Dell asimame jikoni aisome. Kwa hiyo Leota akapige onyesho la kuagana kama lilivyo, asije mzee akaenda kulia kwa magazeti, lakini apige pia picha ya uso wa Dell peke yake, mwanzo hadi mwisho, ili wahariri wapate pa kubandika hiyo barua. Alhamisi saa sita mchana yeye Tunstall angekaa kwenye chumba cha maonyesho. Asipouona uso wa Dell, Ijumaa ataletwa mwongozaji mwingine.

"Utauona," alisema Leota. "Mwanzo hadi mwisho."

Njia nzima ya kurudi Chatsworth aliendesha gari akiwaza kama mhariri. Aliijua kazi ile kama vidole vyake. Mhariri aliyeamriwa kumtoa mtu hamtazami mtu. Anatafuta pale ambapo mtu hayupo. Anatafuta dirisha, kikombe, uso wa mwingine unaosikiliza. Akipata nafasi za kutosha ambamo mtu hayupo, anazishona pamoja, na mtu ametoweka. Kama onyesho lingepigwa lilivyoandikwa, baba na mwana kila mmoja upande wake wa meza, Gedeon angekuwa ameondoka kabla ya Ijumaa. Lazima asipatikane mahali hata pamoja ambapo mzee hayupo. Lakini mtu atakuwaje ndani ya uso wa mwenzake?

Alikuwa anapita mashamba ya michungwa ya Reseda alipokumbuka vile vidole viwili kwenye kichwa cha mtoto wa shule. Akasimamisha gari kando ya barabara, akachukua kalamu, akaufuta ukurasa mzima wa maongezi. Mahali pake akaandika kwamba baba anamkata nywele mwanawe kabla hajaondoka. Maneno ya baba akayapunguza yakabaki mawili tu, yale ambayo kila kinyozi huyasema: usigeuze shingo.

Kumweleza Gedeon hakukuchukua dakika mbili. Alisikiliza, nusu ya uso wake ikatabasamu. Aliuliza jambo moja tu, nywele zitakatwa kweli au kwa kuigiza. Kweli, akaambiwa. Na zikikatwa hakuna kurudia, maana haziwezi kurudishwa.

"Mkono wa kushoto una ukaidi," mzee alisema.

"Nimeuona. Tutakwenda nao hivyohivyo."

Kazi ilikuwa kwa Dell. Kijana alishika kichwa chake kwa mikono miwili kana kwamba mkasi umekwisha kufika. Alisema Bi Leota anataka kumwua njaa. Alisema meneja wake atazimia. Alisema mama yake huko Tulsa ana picha yake ukutani na nywele zote zimo. Fundi wa taa, akiwa juu ya ngazi, akamwambia asijali, na wenye vipara nao huoa. Watu wakacheka, Dell akanuna.

Leota alimpeleka pembeni, kwenye kivuli cha gari la vifaa. Hakumbembeleza. Alimwambia wazi amri aliyopewa na njama aliyoipanga, kwa kuwa hakutaka kumtumia mtu gizani. Kisha akamwambia kwamba amekwisha kucheza filamu saba, na katika zote saba zilizoigiza ni nywele.

Dell alipitisha vidole kwenye nywele zake. Mwishowe akauliza kama itauma.

"Itauma," alisema Leota. "Lakini si kichwani."

Jumatano saa nne, jua la Chatsworth likiingia vizuri kupitia dirisha la jikoni ya mbao, kamera mbili zilikuwa tayari. Moja ilisimama mbali, ikiona jikoni nzima. Ya pili ilikuwa karibu, imeuelekea uso wa Dell peke yake, kama mkuu alivyoagiza. Mkasi ulioletwa na watu wa vifaa ulikuwa butu. Gedeon aliujaribu kwenye unywele, akaurudisha mezani. Leota akavua uzi shingoni, akampa wa kwake. Mkasi uleule. Mzee aliupima mkononi, akamtazama.

Kamera zikaanza kulia. Gedeon alimfunga Dell shuka shingoni, akasimama nyuma yake. Akapitisha kitana mara tatu, bila haraka. Kisha akakata. Fungu la kwanza lilianguka begani, na kila mtu mle ndani akajua kwamba sasa hakuna kurudi nyuma. Vidole vya mzee vilipita kwenye sikio la kijana, kwenye kisogo, kwenye paji la uso. Vilimwinamisha, vikamwinua. Vilikaa utosini zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha vikakumbuka kazi.

"Usigeuze shingo," alisema, na maneno yakatoka yamepinda kama mdomo ulioyatoa.

Katikati ya kazi, mkono wa kushoto ukaleta ukaidi wake. Kitana kikamponyoka, kikaanguka mapajani mwa Dell. Mpiga kamera alimtupia Leota jicho: tusimamishe? Leota alitazama chini. Nusu ya nywele ilikuwa sakafuni. Akisimamisha, hana onyesho, na Gedeon hana filamu. Akaashiria kamera ziendelee. Mzee alisimama, mkono mtupu ukimtetemeka hewani karibu na shavu la kijana, na uso wake, ule upande uliokuwa bado na uhai, ukaingiwa na aibu ambayo hakuna aliyemwandikia.

Dell hakuwa ameambiwa afanye nini. Hakugeuka. Alikipapasa kitana juu ya shuka, akakiinua polepole juu ya bega lake, akakishikilia pale. Kidole kimoja cha mzee kikamgusa kwanza, halafu vikaja vingine, vikakipokea. Machozi yalikuwa yanamshuka kijana, na shingo hakuigeuza, kwa sababu alikatazwa.

Walipomaliza, Leota alisema "Basi." Fundi wa taa alishuka kwenye ngazi, akatoka nje kuvuta sigara bila kumtania mtu.

Alhamisi saa sita mchana, Tunstall alikaa kiti cha mbele. Nyuma yake alikaa Hap Dineen, mkuu wa wahariri, ambaye alifundishwa kazi na Leota zamani na bado alimwita dada. Uso wa Dell ulikuja ukutani, mkubwa kama mlango wa ghala, mwanzo hadi mwisho. Na mwanzo hadi mwisho mikono ya Gedeon Palfi ilikuwa juu yake.

Taa zilipowashwa, Tunstall alimwuliza Hap anaweza kupata nini hapo. Hap aliomba irudishwe. Ikarudishwa mara tatu. Mara ya nne akaomba waizungushe polepole, akiwa amesogea ukingoni mwa kiti na daftari lake.

"Bosi, hakuna," alisema. "Hata pumzi moja. Vidole vikitoka kwenye sikio, vimekwisha kufika utosini. Na siwezi kuruka mbele wala nyuma, nywele zinapungua. Nikihamisha kipande, kijana anaota nywele mbele ya watu." Akamgeukia Leota. "Dada, zamani ulikuwa unatuachia japo kitundu."

"Zamani," alisema Leota.

Tunstall akataja wigi. Wampige picha Dell upya, na wigi, peke yake na barua. Hap alijikuna kidevu, akasema wigi kwenye uso mkubwa namna ile mtu ataiona akiwa barabarani. Kisha mlangoni ikasikika sauti ya Dell mwenyewe, ambaye hakualikwa. Kichwa chake kilikuwa na mabonde na vilima, masikio yamejitokeza kama ya mtoto. Alisema kwa upole kwamba wigi havai. Wakitaka kumshitaki wamshitaki, lakini hicho walichokiona ukutani ndicho anachotaka mama yake atundike Tulsa.

Tunstall alinyanyuka, akavaa kofia yake. Alikuwa mjinga wa mambo mengi lakini si wa sinema, na mara ya tatu ile picha ilipopita, Leota alikuwa amemwona akiinua miwani na kuifuta. Alisema filamu itoke kama ilivyo. Akaongeza kwamba Leota akishaimaliza asihangaike kuulizia mkataba mpya, maana yeye hawezi kukaa na mtu anayemtii kwa namna ile.

Leota alikwisha kulipima hilo tangu Reseda. Alimshukuru, akarudi Chatsworth, na filamu akaimaliza siku mbili kabla ya ratiba.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Glendale. Duka lilikuwa na watu wawili wanaosubiri, naye akapanga foleni kama wao. Zamu yake ilipofika, Gedeon alifungua droo, akatoa mkasi. Alikuwa ameunoa na kuutia mafuta, akauzungushia kitambaa safi. Alisema angependa kubaki nao, lakini ameona si wa nywele. Aliuliza bibi atafanya nini, sasa kwa kuwa geti la studio limefungwa.

Leota aliuvaa uzi shingoni. Alisema amepata ghala la kufungashia machungwa huko Reseda, refu, paa zima. Hap ameahidi siku zake za mapumziko. Dell atakuja, nywele zikiota au zisipoota. Ana hadithi nyingine, na ndani yake kuna mzee.

Gedeon alikung'uta kiti, akamwonyesha akae.

"Mara hii nina maneno mangapi?"

"Manne."

"Mengi hayo," alisema mzee, akamfunga shuka. "Tutayapunguza."