Kisu cha Mkono wa Kushoto

Mama yetu alikuwa akichonga miiko ya kupikia tangu sijazaliwa. Mchana alikuwa mshonaji, cherehani yake dirishani; jioni, vyombo vikishaoshwa, alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko na kuchonga. Baba alimsomea gazeti kwa sauti, akianzia kurasa za michezo ambazo Mama hakuzijali hata chembe. Maranda yalimjaa mapajani. Sisi watoto tuliyagombania, maana yale yaliyojikunja vizuri tuliyavaa masikioni kama hereni. Nyumba nzima ilinukia mti mbichi. Hadi leo nikipita karibu na karakana ya seremala, miguu hupunguza mwendo yenyewe.

Kiharusi kilipompata Mama, Baba alikuwa ameshafariki. Kilimwachia ulimi na akili, kikauchukua mkono wa kulia. Nikamleta akae kwangu. Cherehani aliiaga bila maneno mengi, kisu hakukiaga. Asubuhi moja nilimkuta amekitoa kwenye kitambaa chake, anajaribu kukishika kwa kushoto. Mpini ule aliutengeneza Baba kwa mti wa mpera, na kwa miaka yote ile kidole gumba cha Mama kilikuwa kimeuchimba kishimo. Sasa kishimo kilikuwa upande ambao gumba halikufika. Akakigeuza, akakigeuza tena.

"Hiki kimezoea mkono mwingine," alisema, akakifunga. "Nipeleke nikanunue kingine."

Nilipompigia simu kaka yangu, aliniuliza kama nimechanganyikiwa. Mtu anayeshindwa kufunga kifungo cha gauni, nimpe kisu? Nilimwambia tu kwamba tangu Mama aje kwangu hajawahi kuniomba kitu.

Mwenye duka la vifaa vya ufundi, mtu mnene, mcheshi, ambaye mtaa mzima ulimwita Misumari, alimvutia Mama kiti mbele ya kaunta. Akaanza na kisu kikubwa kinachong'aa, chenye meno mgongoni. Mama alikitazama, akasema hicho ni cha kutishia wezi, na yeye hana ugomvi na mtu. Misumari akacheka, akaleta cha kukunja. Mama akakikataa nacho: kikichoka katikati ya kazi kitamkunjia vidole, na vidole vizima amebakiwa navyo vitano tu.

Hapo Misumari akaacha mzaha. Akavuta droo ya visu vya mafundi, akavipanga kimoja kimoja juu ya kaunta. Mama alitaka bapa fupi, lisilozidi kidole, kwa sababu bapa refu huvutana na mkono. Mipini yenye mapambo aliipita bila kuigusa. Hiyo ingemtoa malengelenge. Kimoja alikipenda. Alikifumbata, akafumba macho, kisha akagusisha makali kwenye ukucha, akakirudisha. Nikamuuliza kina kasoro gani. Akanieleza kwamba kimenolewa upande mmoja, kwa ajili ya mkono wa kulia. Kwa kushoto kitateleza juu ya mti. Aliutaja mkono wa kulia kama mtu anayemtaja jirani aliyehama.

Alichokishika mwisho kilikuwa hakina sura: bapa limefifia, mpini mti mtupu. Kilikuwa kimenolewa pande zote mbili sawasawa. Misumari mwenyewe alimwonya kwamba chuma hicho hushika kutu. Mama akasema kutu hufutwa kwa mafuta, naye anataka chuma kinachonoleka upesi. Akaomba kipande cha mti.

Alikibana katikati ya magoti, akasukuma. Mara ya kwanza kisu kiliruka. Mara ya pili kikakwama, nami nikajikuta nimeshika ukingo wa kaunta. Mara ya tatu randa jembamba likachomoza, likajikunja, likaanguka kwenye sketi yake.

"Hiki," alisema Mama.

Wiki za mwanzo zilikuwa za plasta na kunung'unika. Nilimshonea kofia ya ngozi ya kuvika gumba, kwa cherehani yake mwenyewe, naye akanitoa kasoro kila mshono. Alichonga vijiti tu, kimoja baada ya kingine, vyote tukawashia moto. Kisha siku moja kijiti kikawa na shingo, na baada ya shingo kikapata kichwa.

Kaka alikuja Jumapili moja akaukuta mwiko ule mezani. Ulikuwa umepinda upande kama mtu anayesikiliza mlangoni. Aliushika muda mrefu, akipitisha gumba kwenye alama za kisu, na macho yake yakawa mekundu. Alimuuliza Mama kama anaweza kuondoka nao. Mama alisema auchukue, ila mke wake asiucheke. Tulisimama pale mbele yake, mimi na kaka. Yeye alishachukua kipande kingine na penseli, anachora. Akatuomba tusogee, tunamzibia mwanga.